Nani Alikuita Hivyo?

Ramani ilikuwa kwenye simu yangu, na Hawe hakuwa na miwani. Hawe ndiye nyanya kwa Kigiriama, na huyu wangu huniita "mume wangu", utani wa nyanya na mjukuu wa kiume ambao kila nikiueleza kwa marafiki wa Nairobi unanimalizia dakika tano. Tulikuwa tumekaa nje kwake, Kaloleni, jua limeshapoa, nami nilikuwa na hamu ya kumwonyesha kitu nilichokipakua wiki hiyo: ramani ya Afrika Mashariki iliyochorwa na wazungu karne ya 19. Nikaikuza kwa vidole hadi nyuma ya Mombasa, pale ambapo kwa hesabu yangu mababu zake walikuwa wakilima mtama. Palikuwa na neno moja tu, herufi zake zimetandazwa kama nguo kwenye kamba: WANIKA.

"Hawe, hapa ndipo sisi. Tumeandikwa Wanyika."

Akaichukua simu, akaishika mbali na macho, akaitazama kwa muda, akanirudishia.

"Nani alituita hivyo?"

"Wazungu, Hawe."

"Mzungu alilitoa wapi neno nyika?"

Manze, nilikwama. Nimesoma historia hadi chuo kikuu na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nyika ni Kiswahili. Hakuna mtu wa London anayeweza kuamka asubuhi akalitoa kichwani mwake. Lazima alilisikia mahali, kutoka kwa mtu, na mtu huyo lazima alikuwa jirani yetu.

"Nyika ni pale ng'ombe akipotea," Hawe akasema. "Mimi nina mudzi." Mudzi kwetu ni boma, pamoja na watu wake na makaburi yake. Halafu akaingia ndani kuangalia chungu, akaniacha na swali lake. Nimezunguka nalo tangu siku hiyo.

*

Tuanze na mzungu mwenyewe. Johann Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani aliyetumwa na CMS, shirika la wamisionari wa Kanisa la Uingereza. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakafungua kituo Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Leo hiyo ni safari fupi ya matatu, unapitia Mazeras. Kwa Krapf ilikuwa kama kutoka dunia moja kuingia nyingine, na hiyo dunia ya pili alikuwa ameshatajiwa jina lake kabla hajapanda kilima.

Jina alilipata mjini. Watu wa Mombasa, wenye nyumba zao za mawe, misikiti yao na majahazi yao, waliwaita watu walioishi nyuma yao Wanyika, yaani watu wa porini. Hawakuwa wageni kwao. Walifanya nao biashara ya nafaka na pembe za ndovu, na walikuwa na mapatano nao ya miaka mingi. Lakini jina lilikuwa na dharau ndani yake, ile dharau ya mtu wa Nairobi akisema "huyu ni wa ushago". Krapf alijifunza Kiswahili kwanza, akayaona mengine kupitia Kiswahili. Akalichukua jina lile kama lilivyo, likaingia kwenye barua, kwenye ramani, na mwishowe kwenye kitabu. Mwaka 1887, wote wawili wakiwa wameshafariki, kamusi yao ilichapishwa London kama kamusi ya lugha ya Kinika.

Hebu fikiria hilo. Rebmann alikaa huku karibu miaka 30. Watu wanaishi kwako, wanaokota maneno yako moja moja kwa subira ya ajabu, wanayapanga kwa alfabeti, halafu kwenye jalada inaandikwa kwamba hii ni lugha ya pori.

Nilikuwa nimezoea kusimulia habari hizi kwa njia moja: mzungu alikuja, hakutuelewa, akatuita vibaya. Swali la Hawe lilinionyesha kwamba nilikuwa nimeruka hatua. Mgeni hakuulizi wewe jina lako. Anamuuliza aliyekutana naye kwanza, na huyo kwa kawaida ni jirani yako aliye karibu na barabara au bandari. Jirani anamwambia vile yeye anavyokuita. Mgeni anaandika. Na kwa kuwa ni yeye mwenye kalamu, kilichoandikwa kinakuwa wewe.

*

Ukiliona jambo hili mara moja utaanza kuliona kila mahali, kuanzia kwenye pasipoti yako.

Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba ambaye misafara yake ya pembe ilifika hadi pwani. Kutoka huko akauona mlima wenye theluji. Wasomi wa Ulaya walibisha sana: theluji kwenye Ikweta? Walibishana kuhusu theluji, lakini hakuna aliyebisha kuhusu jina. Wakikuyu, wanaoishi chini ya mlima huo, wanauita Kirinyaga. Wamaasai wanauita Ol Doinyo Keri. Krapf hakuwa kwa hao. Alikuwa kwa Wakamba, wanaouona kwa mbali, nao huuita Kiinyaa. Akalisikia kwa sikio la Kijerumani, akaliandika alivyoweza. Waingereza nao wakalisoma kwa mdomo wao. Mwaka 1920, walipoigeuza Himaya ya Afrika Mashariki kuwa koloni, wakaipa koloni nzima jina la mlima.

Kwa hivyo lile jina lililo kwenye jezi yako ya Harambee Stars lilianza kwa Mkamba aliyeulizwa kuhusu kitu kilicho mbali na kwake, likapita kwa Mjerumani, likapita kwa Mwingereza, ndipo likakufikia. Na bado ni letu. Sijawahi kukutana na mtu anayetaka tulibadilishe. Tumelililia, tumelishangilia, tumelijaza.

Nasi tunawafanyia wengine vilevile. Wajerumani hawajiiti Wajerumani. Wanajiita Deutsch, na nchi yao Deutschland. Sisi "Jerumani" tumelipata kwa Mwingereza, jirani yao. Lakini kwenye Kiswahili cha zamani, hasa Tanganyika walikotawala, kulikuwa na neno jingine: Wadachi. Lisikilize vizuri. Hilo limetoka karibu kabisa na mdomo wa Mjerumani mwenyewe. Aliyekutana naye uso kwa uso alimwita kwa jina lake, na sisi tuliosikia habari zake kwa Mwingereza tukachukua la Mwingereza.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe, lugha ninayokuandikia. Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, sawahil, yaani pwani kwa wingi. Msafiri Ibn Battuta alipopita huku mwaka 1331, akafika Mombasa na Kilwa, tayari aliliita eneo hili hivyo. Mswahili ni mtu wa pwani, jina ambalo linaingia akilini mwa mtu anayekuja kwa jahazi na kuuona ukanda wa mchanga. Aliye nchi kavu hana sababu ya kujiita hivyo. Watu wenyewe walijitaja kwa miji yao: huyu Mwamu, huyu Mpate, huyu Mmvita, na lugha zao Kiamu, Kipate, Kimvita.

Sasa pima mnyororo huu. Mgeni wa baharini anamtazama mwenyeji na kumwita mtu wa pwani. Mtu wa pwani anageuka, anamtazama jirani aliye nyuma yake na kumwita mtu wa pori. Mmisionari anakuja, anaandika yote mawili. Karani anakuja nyuma ya mmisionari na kuyagonga muhuri.

*

Najua kuna mtu hapa anasema: sawa bana, lakini jina ni jina tu. Hawe ameitwa Mnyika, na minazi yake bado imesimama. Kuna shida gani?

Nami nilifikiri hivyo mpaka nilipoanza kusoma habari za Msitu wa Mau.

Ndani ya Mau wamekaa Waogiek kwa vizazi na vizazi, watu wa kuwinda na hasa wa asali, wanaotundika mizinga yao juu ya miti na kuuza asali kwa majirani. Ukitafuta jina hilo kwenye karatasi za serikali ya kikoloni, mara nyingi hutalipata. Utapata Dorobo. Neno hilo limetoka kwa Wamaasai, il-torobo, na huwataja watu wasio na ng'ombe. Kwa mfugaji, asiye na ng'ombe ni maskini, basi. Wamaasai hawakuwa na haja ya kujua kwamba mwenye msitu uliojaa mizinga hajihesabu kuwa maskini. Mwingereza aliwauliza Wamaasai, wakamwambia. Akaandika.

Mwaka 1932 serikali iliunda tume ya ardhi chini ya Morris Carter, na ripoti yake ikatoka mwaka 1934. Tume hiyo ndiyo iliyopima nani apewe ardhi ipi, kabila kwa kabila. Ilipowafikia hao "Dorobo", ilipendekeza wahamishwe kwenye maeneo ya makabila jirani wanayokaribiana nayo, wamezwe humo. Hawakutengewa ardhi yao. Angalia jinsi jina lilivyosaidia hesabu hiyo. Wewe ukiwa Mwogiek, una msitu, una lugha, una mipaka ambayo ukoo wako unaijua mti kwa mti. Ukiwa "asiye na ng'ombe", wewe si kabila. Wewe ni pengo kwenye kabila la mtu mwingine, na dawa ya pengo ni kulijaza. Sisemi jina peke yake ndilo lililowanyang'anya msitu. Watu walitaka mbao, walitaka mashamba. Jina lilifanya tu ionekane kwamba hakuna aliyenyang'anywa.

Oktoba 2009 Waogiek na wengine waliokuwa Mau walipewa notisi ya siku 30 waondoke msituni. Kesi ikapelekwa mbele, ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha. Mojawapo ya hoja za serikali yetu, serikali ya Kenya huru, ilikuwa kwamba Waogiek si watu wa kipekee bali ni mchanganyiko wa jamii mbalimbali. Yaani miaka 80 baadaye, hoja ilikuwa bado inakaa kwenye kiti kilekile cha Carter.

Tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliwapa Waogiek ushindi. Ilisema kwamba haki zao za ardhi, utamaduni na dini zimevunjwa. Ilisema pia wamebaguliwa, kwa sababu makabila mengine yalitambuliwa yakapata ardhi na wao wakakataliwa kutambuliwa. Tarehe 23 Juni 2022 ikaongeza amri ya fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali, shilingi 100,000,000 kwa machungu waliyopitia, na ardhi yao isajiliwe kwa jina lao la pamoja. Kwa jina lao. Halafu Novemba 2023 habari zikawa zilezile tena, familia za Waogiek zikitolewa Mau na nyumba zikibomolewa.

Kwa hivyo ukiniuliza sasa kama jina ni jina tu, nakuambia inategemea limeandikwa kwenye karatasi gani.

*

Basi si turudishe majina yote ya asili, mambo yaishe? Tulijaribu, na nashukuru tulijaribu. Fort Hall ikawa Murang'a. Thomson's Falls ikawa Nyahururu. Broderick Falls ikawa Webuye. Port Florence, jina la mke wa mhandisi wa reli, ilikuwa imeshakuwa Kisumu zamani. Lakini kuna mambo mawili yananizuia kuamini kwamba kazi iliishia hapo.

La kwanza ni Nairobi. Huu mji haukuwahi kupewa jina la gavana wala la malkia. Enkare Nairobi ni Kimaasai, maji baridi, na reli ilipofika mwaka 1899 jina hilo likaachwa hapo hapo. Jina la wenyewe, safi kabisa. Na wenyewe? Kwa mikataba ya 1904 na 1911 Wamaasai waliondolewa kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa, wakapelekwa Laikipia, kisha wakaondolewa Laikipia nako wakasukumwa kusini. Jina lilibaki, ng'ombe wakaenda. Kiangazi kikikaza sana utawaona bado, ng'ombe wa Wamaasai wakikata barabara katikati ya Nairobi kutafuta nyasi kando ya lami. Madereva wanapiga honi, sisi tunatoa simu tupige picha, tunaandika ati "only in Nairobi". Mji una jina la maji yao, na wao ndio kioja.

La pili ni lile ziwa la kaskazini. Machi 1888 Samuel Teleki na mwenzake Ludwig von Höhnel walilifikia wakaliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa Austria na Hungaria. Rudolf mwenyewe hakuliona, na kabla mwaka haujaisha tangu siku hiyo alikuwa ameshakufa. Mwaka 1975 Kenya ikalifuta jina lake na kuliita Ziwa Turkana. Vizuri. Lakini kando ya ziwa hilo wako pia El Molo, wavuvi wake wa tangu zamani. Wako Warendille, Wagabra, Wadassanech. Mzungu aliondolewa, na kabila moja kubwa likawekwa mahali pake. Fikiria pia ziwa la magharibi. Wajaluo wanasema Nam Lolwe, Waganda wanasema Nalubaale, na kwenye ramani bado ni Victoria. Hata tukikubaliana kesho kulifuta jina la malkia, kikao cha kuchagua mbadala si cha siku moja.

Majina ya asili yapo, ila mara nyingi yapo mengi, na kila moja lina mtu wake.

*

Hawe alifurahi nilipomsomea habari za Mijikenda, kwa sababu hapo angalau tulijichagulia. Miaka ya 1940 watu wetu waliokuwa wamefuata kazi Mombasa waliunda chama chao, wakakataa kuitwa Wanyika, wakajiita Mijikenda. Kenda ni tisa, kwa wale ambao Kiswahili chao kilianza na tisa ya Kiarabu. Miji kenda: Wagiriama, Wadigo, Wadurma, Warabai, Wachonyi, Wakauma, Wajibana, Wakambe na Waribe. Jina likashika. Mwaka 2008 makaya yetu, misitu mitakatifu ya wazee, yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na yakaingia kama makaya ya Mijikenda. Hakuna aliyethubutu kuandika pori.

Hatukuwa peke yetu. Wakalenjin walilichukua jina lao la pamoja miaka ya 1940 pia, kutoka kwenye neno la kusema "nakuambia". Waluhya walijiunganisha chini ya jina lao katika miaka hiyohiyo ya 1930 na 1940, wakikwepa kuitwa Kavirondo. Yaani baadhi ya majina tunayopigania kama ya tangu Adamu na Hawa yana umri wa babu zetu. Hilo halinisumbui. Jina jipya ulilokaa chini na wenzako mkalichagua ni lako zaidi ya jina la kale ulilotupiwa.

Lakini Hawe hajawahi kunipa ushindi wa moja kwa moja. Jioni ileile, chungu kimeshaepuliwa, alianza kunisimulia Singwaya, ile hadithi ya asili yetu ambayo kila mtoto wa Kimijikenda ameisikia: jinsi tulivyokaa kaskazini, jinsi tulivyofukuzwa, jinsi tulivyoshuka hadi kwenye makaya.

"Na nani aliwafukuza, Hawe?"

"Wagala."

Nikanyamaza kidogo. Hao anaowataja ni Waoromo, na jina hilo hawalitaki. Wanalisikia kama tusi, vile yeye anavyosikia Wanyika.

"Hawe, nani aliwaita hivyo?"

Alinitazama. Nikadhani nimevuka mpaka, maana kuna utani na kuna kumrudishia mzee maneno yake. Kisha akacheka mpaka akashika magoti. "Basi, mume wangu, umenipata," akasema. "Nilikuta wanaitwa hivyo."

Nilikuta wanaitwa hivyo. Karani wa Carter angeweza kusema maneno hayohayo. Sisi wa pwani tuna orodha yetu: tunasema Waboni, na wenyewe ni Aweer. Tunasema Wasanye, na wenyewe ni Waata. Tulikuta wanaitwa hivyo.

*

Usiku ule nilipitia simu yangu nikitafuta kitu kingine, nikakuta jina ambalo lilikuwa humo miaka yote: "Waria Deski".

Shule ya upili niliketi deski moja na kijana Msomali kutoka Garissa, kidato cha pili hadi cha nne. Darasa zima lilimwita Waria. Walimu wengine pia. Ukiwa Nairobi unalijua neno hilo, kila Msomali ni waria. Wachache wanajua kwamba waryaa kwa Kisomali ni namna tu mwanamume anavyomwita mwenzake, kama wewe unavyoweza kusema "we, hebu". Yaani tuliwasikia wakiitana, tukachukua ile sauti ya kuitana, tukaifanya kuwa jina la watu wote. Ni kama mgeni ashuke stendi ya mabasi Nairobi, asikie watu wakisema "niaje", "niaje", kisha aandike kwenye ramani yake: hapa wanaishi Waniaje.

Huyu jamaa alinifundisha hesabu. Mama yangu alipolazwa hospitalini, ndiye aliyenipa nauli ya kwenda nyumbani, na hakuiulizia tena. Na mimi, ambaye mchana ule nilikuwa nimemkasirikia Krapf kwa niaba ya ukoo mzima, nilikuwa nimemhifadhi kama Waria Deski.

Asubuhi nikampigia. Tulikuwa hatujaongea karibu mwaka. Baada ya salamu nikamwambia ukweli, kwamba nataka kumwandika upya kwenye simu na sitaki kukosea.

Kimya. Kisha akasema, "Ulikuwa hujui jina langu?"

"Najua la kwanza."

"La kwanza, kila mtu analo."

Akanitajia polepole: lake, la babake, la babu yake, kama Wasomali wanavyojitaja. Nikaandika. Akaniambia nitamke, nikatamka, akanirekebisha herufi moja ambayo Kiswahili hakina na koo langu halikuizoea. Sitaliandika hapa, ni lake. Nikamwomba msamaha kwa ile miaka mitatu. Akasema yaliyopita yamepita, lakini hakusema kwamba hayakumuuma.

"Na wewe," akasema, "unajua mimi nimekuandika nani?"

"Nani?"

"Mombasa."

"Msee, mimi sijawahi kuishi Mombasa hata wiki moja! Kwetu ni Kaloleni."

"Kaloleni?" Nilisikia akifikiria. "Hii ya Jogoo Road?"

Nikavuta kiti, nikakaa, nikaanza kumweleza.